Kicheko cha Bi Nakijwa

Hapo zamani, na simaanishi zamani ya babu zenu, ni juzi tu, kamera zilipokwisha kuachana na filamu, palikuwa na dereva wa lori mstaafu huko milima ya Upare, jina lake Mzee Mfinanga. Kazi aliiacha, lakini presha haikumwacha. Daktari akamwambia, "Mzee, tafuta kitu cha kukutuliza." Binti yake akamletea kamera ya dijitali.

Basi ikawa kila asubuhi Mfinanga yuko migombani. Akiona ua, anapiga. Akiona kinyonga, anapiga. Picha mbaya anafuta, nzuri anabakiza. Watu walimcheka, mzee mzima kulala kifudifudi akimvizia kipepeo! Yeye hana habari. Presha ikashuka, usingizi ukarudi.

Sasa, jirani yake mmoja alikufa akaacha wajane wawili, Nakijwa mke mkubwa na Foibe mke mdogo. Hawa hawakusalimiana. Wakikutana kisimani, mmoja anageuka. Wakikutana kanisani, mmoja anahama benchi. Watoto wao nao wakanuniana vivyo hivyo.

Siku moja Mfinanga anamvizia ndege, akasikia kicheko nyuma ya migomba. Akachungulia. Toba! Nakijwa na Foibe wamekaa gogo moja, wanakula ndizi, mkono wa Foibe uko begani mwa Nakijwa, na Nakijwa anacheka mpaka pengo linaonekana. Kidole cha mzee kikabonyeza chenyewe.

Nakijwa, ambaye maisha yake yote alikimbia kamera, akaruka juu. "Futa! Watoto wetu wamegombana kwa ajili yetu. Wakiiona hiyo nitauweka wapi uso wangu? Apa kwamba umefuta!"

"Naapa, nimefuta," akasema Mfinanga, na alikuwa amebonyeza kitufe kingine. Hajawahi kupiga picha nzuri kama ile. Hakuweza kuifuta.

Masika yakapita. Nakijwa akaanguka ghafla akianika maharage, akafa. Na kwao huko jeneza halitoki nyumbani bila picha ya marehemu kutangulia, na anayeibeba ni yule aliyekuwa naye karibu kuliko wote. Picha haipo. Kitambulisho kimefifia hata pua haionekani. Eliwaza, binti yake wa kwanza, akalia, "Mama yangu azikwe kama mtu asiye na sura?"

Mfinanga akashuka mjini kimyakimya, akarudi na fremu imefungwa kwa kanga. Eliwaza akaifungua.

Jamani! Kilio kilikatika. Waliokaa wakasimama, waliosimama wakashika vinywa. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na picha ni ileile.

"Mama!" Eliwaza akapiga ukelele. "Ujana wangu wote nimemnunia mama mdogo kwa ajili yako. Nimeoza binti sikumwalika. Kumbe wewe unacheka naye?" Kisha akasema, "Nitaibeba mimi. Ugomvi wake niliubeba mimi, hata ulipokwisha sikuambiwa. Huyu mwingine mkateni pichani, abaki mama peke yake."

Foibe akasogea. "Nikate, mwanangu, lakini mkono wangu uko begani mwake. Ukiutoa, unamtoa na bega. Na hicho kicheko nilimchekesha mimi. Tumependana kwa kujificha migombani, leo niacheni nitembee naye barabarani watu wakiona. Nitaibeba mimi."

Mfinanga naye akavua kofia. "Nilimwapia marehemu uongo. Ningemtii, leo msingekuwa na sura ya kuililia. Lakini aibu aliyoikimbia nimemletea mimi, tena siku ambayo hawezi kujitetea. Niibebe mimi, nimwombe radhi njia nzima."

Mama mmoja akanong'ona pembeni kwamba isibebwe na yeyote, mwenyewe si alisema ifutwe?

Kwaya imeanza kuimba. Jeneza liko mabegani mwa vijana, wanasubiri. Nakijwa wa pichani yuko mezani na pengo lake, anatucheka sote.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimeshasema yangu. Je, nani alistahili kuibeba?