Jina la Mwamba wa Uduvi

Hapo zamani, na mwaka msiniulize maana aliyenisimulia naye hakuutaja, palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Shungini. Watu wake waliishi kwa uduvi, wale kamba wadogo kama punje ya mchele. Kila mwezi ulipoandama, wanawake waliingia maji ya magotini karibu na mwamba, wawili wawili, wakitanda, yaani wakiwakusanya uduvi kwa kanga kuukuu. Walirudi na makapu yamejaa. Wakaanika, wakapika kwa nazi, wakala.

Mwaka mmoja uduvi wakapungua. Mwaka wa pili kanga zikatoka na maji matupu.

Alikuwepo Mize, mwanamke aliyeachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, akarudi kuishi peke yake katika nyumba ya marehemu mama yake. Mize akaanza kuhesabu. Kila mwezi ulipoandama alikwenda mwambani alfajiri, akachota kata moja ya maji, akaimimina kwenye sahani nyeupe, akahesabu. Tisa. Mwezi uliofuata, sita. Akafunga mafundo kwenye ukambaa ili asisahau.

Watu wakamcheka. "Mize kakosa wana wake, sasa anahesabu wana wa bahari!"

Alihesabu miaka mitatu. Ndipo akaona jambo, akamwendea Bi Nunuu, mkubwa wa wanawake watandaji.

"Bi Nunuu, siku nne za mwanzo wa mwezi majike wana watoto tumboni. Na siku hizo hizo ndizo tunazotanda. Tunavua waja wazito."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimewatazama kwenye sahani miaka mitatu."

Bi Nunuu akaikunja kanga yake, akaiweka juu ya kabati. Tangu hapo, siku nne za kila mwezi mwandamo alisimama pwani kuwarudisha wenzake. Walirudi wakinung'unika, maana walikuwa na watoto wenye njaa. "Wewe umeshiba, Nunuu?" walimwuliza. Kisha wakaacha kumwuliza. Kisha wakaacha kumwamkia. Mumewe alipofariki, wanaume walimzika, kwa kuwa kuzika ni faradhi. Lakini kwenye mkeka wa matanga Bi Nunuu alikaa peke yake. Hata Mize hakuja. Mwezi ulikuwa umeandama, naye alikuwa mwambani na sahani yake.

Miaka miwili ikapita hivyo, na kata bado ilitoa kumi na wawili tu. Ila mahali pamoja, upande wa kusini, kata ilitoa arobaini. Mize akazunguka kutazama sababu. Akamkuta Mzee Faki majini.

Mzee Faki ndiye aliyeuvunja mwamba ule miaka ishirini, akichoma mawe yake kupata chokaa. Watu walisema yeye ndiye aliyeumaliza, na barazani hakuna aliyempisha akae. Sasa alikuwa akiyarudisha mawe yaliyobaki uani kwake, moja moja, akizama nayo na kuyapanga yaachiane matundu. Humo uduvi walijificha mchana, samaki wasiwafikie. Alianza kazi hiyo kabla Mize hajafunga fundo la kwanza, wala hakumwambia mtu. Kuzama kulimpasua masikio, hakusikia tena.

Mize akamwonyesha kwa kidole upande wa kaskazini, palipokuwa uchi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akalifuata jiwe jingine.

Miaka mitatu baadaye sahani ilijaa wasiohesabika. Waliokihama kisiwa kwa njaa wakarudi. Wazee wa mji wakasema, "Mwamba utaitwa jina la aliyewarudisha uduvi, liitwe hadi kwa vitukuu."

Mize akasimama. "Mimi sina mtoto wa kulibeba jina langu. Bila hesabu yangu, Bi Nunuu angezuia siku gani? Mzee Faki angejuaje pa kuongeza mawe? Miaka minane nimezungumza na sahani."

Bi Nunuu akasimama. "Anayehesabu hachukiwi, huchekwa tu. Mimi nilichukiwa. Uduvi walizaa kwa kuwa mtu alisimama pwani. Mume wangu nimemlilia peke yangu."

Mzee Faki hakusikia neno. Wakamwonyesha mwamba, kisha wakamnyooshea kidole yeye. Akasema kwa ile sauti kubwa ya kiziwi, "Mimi ndiye niliyeuvunja!" Akaketi.

"Mnasikia?" akasema mwanamke mmoja. "Mwizi akirudisha kuku, banda huitwa jina lake?"

Mwingine akamjibu, "Na chokaa yake iko kwenye kuta za nani?"

Maji yakajaa, yakatoka, wazee hawajakata neno. Wale watatu wakaondoka, kila mmoja kwa njia yake, na mwamba ukabaki bila jina hata leo. Watu husema tu, "Tunakwenda kule."

Haya, ninyi mlionisikiliza: wazee walishindwa, nami sithubutu. Mngekuwepo siku ile, mwamba ule mngeuita jina la nani?