Samaki wa Meno na Waya wa Mama

Samaki wa meno huvuliwa nyumbani.

Mmemsikia shangazi yenu akimrushia mumewe maneno hayo pale mwaloni asubuhi, baada ya mume kurudi mbio kuchukua plagi ya injini aliyoisahau. Watu wakacheka, na ninyi mkacheka, wala hamjui mlicheka nini. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Yametoka nyumba hii hii mnayoiona, na chanzo chake ni hiki. Nuhu, weka simu chini. Mimi sisimulii kisogo cha mtu.

Samaki wa meno ni kibebe. Siku hizi mnamwona mdogo mdogo, lakini enzi zetu, pale maji mekundu ya mto Malagarasi yanapoingia ziwani, alikuwapo kibebe wa kimo cha mtoto wa miaka saba. Hata akifunga mdomo, meno yanabaki nje. Nailoni anaikata kama uzi wa kushonea. Tena ana maringo: utamrushia chambo juma zima, asikujibu.

Baba yangu, Mzee Ruhomvya, ndiye aliyekuwa bingwa wake. Wenzake walivua dagaa na migebuka kwa nyavu, yeye alikwenda na mshipi wa mkono tu. Na kujisifu, jamani! Nilimpenda sana baba yangu, lakini kwa kujisifu hakuwa na mwenzake. "Kibebe ananijua kwa jina," alikuwa akisema kila akishusha samaki mwaloni. Chambo chake kilikuwa kijiko. Alikikata mpini, akakitoboa, akakitia ndoana, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa kama samaki mdogo. Nyumbani uji tuliunywa kwa mafunda, maana vijiko vyote vilikwishahamia ziwani.

Mama yangu, Sikudhani, hakuwahi kupanda mtumbwi. Kazi yake ilikuwa mkekani. Alasiri ya kuamkia safari alitandika mkeka uani, akapanga kila kitu: mshipi, chubwi, kijiko, na ule waya wa kufungia kijiko ili kibebe asiukate mshipi. Aliupitisha mshipi midomoni mwake, pima kwa pima, akitafuta mkwaruzo. Midomo huona kisichoonekana kwa macho, aliniambia. Kila fundo alililowesha kwa mate kabla ya kulikaza. Nilikuwa nakaa naye, nikishika ncha ya pili. Baba wakati huo yuko barazani na kahawa yake, anawasimulia watu samaki wa juzi. Naiona alasiri ile hadi leo, na harufu ya kahawa naisikia.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Baba hakugusa mshipi mwaka mzima. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, na tabibu wa zahanati akamwambia kwamba hapa kwetu hakuna dawa yake. Siku moja akaniita.

"Mwanangu, nataka kumwona kibebe mmoja kabla sijafungwa macho. Mmoja tu, nimwone meno yake. Utanipigia kafi?"

Ningekataaje? Tukaenda. Mshipi aliuokota ulipokuwa, waya akautoa msumarini ulikoning'inia tangu mama aondoke, akafunga kijiko, basi. Siku nne tulitoka alfajiri tukarudi adhuhuri mikono mitupu. Siku ya tano mshipi ukachomoka ghafla ukamchoma vidole, na samaki akaruka juu ya maji.

"Umemwona?" baba alipiga kelele. "Mimi nimeona maji tu! Umemwona?"

"Nimemwona baba! Mkubwa!"

Papo hapo mshipi ukalegea. Baba akauvuta wote, akaipapasa ncha. Waya ulikatika katikati, na kijiko kimekwenda. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona baba akitoka ziwani bila hadithi.

Alasiri akataka nimpeleke sokoni kwa fundi baiskeli, Ntakije, maana waya wenyewe ulitoka kwenye breki za baiskeli. Alikwenda kugomba.

"Fundi, waya wako umeniua!"

Ntakije akaukunja kidogo, ukavunjika tena vidoleni mwake. "Mzee wangu, huu si umeoza? Una muda gani?"

"Ni uleule wa siku zote. Miaka nenda miaka rudi uko msumarini, haujawahi kunikatikia."

Ntakije akaweka koleo chini. "Uleule? Pole, mzee. Marehemu alikuwa akija hapa kila Ijumaa. Breki zote zilizokufa nilimwekea yeye. Anazifumua, anachagua nyuzi nzima, anakwenda kukusukia waya mpya. Wa zamani alikuwa akiutupa. Ina maana hukujua?"

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Nikamwuliza siku moja, mbona humtumi mzee mwenyewe? Akacheka, akasema, 'Mwache. Yeye ana kazi ya kupigana na samaki.'"

Baba alikaa juu ya sanduku la vifaa vya fundi, akalia mbele ya watu wa soko. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

Tulirudi na nyuzi mpya. Uani akaniambia, "Tandika mkeka. Wewe ulikuwa ukikaa naye. Nionyeshe alivyokuwa akifanya." Nikamwonyesha, mimi mtoto namfundisha bingwa. Mama nilimwona akisuka waya tangu utotoni, ila sikuthubutu kumsahihisha baba. Tukasuka waya. Tukapitisha mshipi midomoni, na pima ya tisa nikakuta mkwaruzo. Nikaweka kidole chake pale. "Lo," akasema, "hata hapa tungempoteza." Tukakata, tukafunga upya.

Safari hiyo tulikaa siku tatu mlangoni mwa mto. Siku ya tatu, jua limeshapanda, kibebe akashika. Aliruka mara nne, akatuzungusha mtumbwi, na baba anasema polepole, "Waya mpya, mwanangu. Waya mpya." Alipochoka nikamvuta ndani kwa kulabu na kumpiga rungu. Baba akapiga magoti, akainama mpaka pua yake ikakaribia kumgusa samaki.

"Aa! Meno hayo! Namwona."

Mwaloni watu walijaa. "Ruhomvya bado yumo! Kibebe anakujua kwa jina!" Wakatega masikio wasikie majisifu yake, maana walikuwa wameyakosa.

"Mimi nimembeba tu," baba akasema. "Samaki wa meno huvuliwa nyumbani. Huyu kavuliwa na Sikudhani. Na samaki wote mlionisifia tangu ujana, kawavua yeye. Naye mwenyewe sikuwahi kumwambia asante."

Hakucheka mtu.

Maneno yakabaki. Watu wakaanza kuyatumia kwa harusi, kwa mtihani, kwa safari yoyote inayoharibikia mahali ambapo mtu hakuangalia mapema. Baba alipofuka macho kabisa mwaka uliofuata, lakini kila Ijumaa aliniomba nimtandikie mkeka, akaupitisha mshipi midomoni pima kwa pima, ingawa kwetu hakuna tena aliyekuwa akienda ziwani.

Basi, Nuhu, si ulisema Jumamosi unakwenda na mjomba wako mtoni? Leta mshipi wako nipitishe. Meno sina tena, lakini midomo ninayo. Na ukirudi na samaki, pita kwangu kwanza uniambie asante ningali nasikia.

Samaki wa meno huvuliwa nyumbani.