Amina Haiezeki Nyumba

Amina haiezeki nyumba. Mmemsikia bibi yenu akimtupia maneno hayo yule kijana wa kwaya anayekwepa zamu ya kuni, mkacheka, na sasa mwaniuliza yametoka wapi. Yametoka huku huku kwetu Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, na yalimtoka mtu kwa aibu.

Ambilikile alikuwa muumini wa kuonwa na watu. Jumapili hakosi, sala za jumuiya hakosi, na sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma. Lakini siku ya kufagia kanisa au kumchimbia marehemu kaburi, ungeambiwa mgongo unamsumbua. Imani yake ilikaa kwenye benchi, nayo ilikaa vizuri. Mwenyewe alijihesabu kuwa nguzo.

Jirani yake alikuwa Bibi Subilaga, mjane, ambaye nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza. Mwanawe aliyeko Mbeya alisema nyumba isipoezekwa kabla ya masika atamhamishia mjini, na bibi hakutaka kabisa kuliacha kaburi la mumewe. Basi kila wiki jumuiya ikaomba Bwana amwezekee mjane wake, na Ambilikile akaitikia Amina ya kutikisa madirisha. Nyuma ya nyumba yake, mabati ya zamani aliyoyaezua alipojenga upya yalifunika banda la nguruwe.

Zamu ya sala ikaangukia nyumbani kwa bibi. Mvua ikanyesha, paa likavuja, watu wakawa wanasogezasogeza mikeka. Ambilikile akaificha Biblia yake ndani ya koti isilowe. Bibi akaombwa aanze, naye akaomba bila hila hata chembe.

"Bwana, asante. Juzi mvua ilinikuta njiani, nikajibanza kwenye banda la nguruwe la baba Ambilikile, sikulowa hata kanga. Ukipenda, nipe nami nyumba kavu kama ya nguruwe yule."

"Amina!" akanguruma Ambilikile kwa mazoea, kabla maneno hayajamwingia.

Hakuna mwingine aliyeitikia. Matone yakasikika yakidondoka kwenye sufuria. Ndipo yakamwingia, uso ukamwaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze. Bibi alikuwa bado amefumba macho, hajui kama amemchoma mtu. Sala ilipokwisha Ambilikile aliondoka bila kunywa chai, na mkewe alipomuuliza kulikoni, alisema kichwa kinamuuma.

Kulipopambazuka akaliezua banda. Akajitwisha mabati, nyundo mkononi, akapita nayo katikati ya kijiji, na hakuna aliyemuuliza anayapeleka wapi. Walijua. Hilo lilimuuma kuliko kuulizwa.

Bibi alimpokea mlangoni, akayatazama mabati, akayatambua.

"Na nguruwe atalala wapi, baba?" akauliza kwa huruma.

Msimu mzima Ambilikile alikuwa amemwombea mama huyu, na hata siku moja hakumuuliza yeye analala upande gani. Akainama kuokota nyundo ili machozi yasionekane.

Wanajumuiya nao wakaanza kufika, huyu na misumari, yule na ngazi, wote macho chini, maana hata wao walikuwa wameomba tu. Mzee wa kanisa, Asegelile, akavua kofia, akasema waanze kwa sala, akamtazama Ambilikile aitikie kama kawaida yake. Ambilikile alikuwa keshapanda, misumari mdomoni. Akaitemea kiganjani.

"Ombeni nyinyi, mzee," alisema. "Mimi leo nitaitikia kwa nyundo. Nimeitikia kwa mdomo siku zote hizi, na mama alikuwa analowa."

Bibi Subilaga hakwenda Mbeya. Alizeekea pale pale, akazikwa kando ya mumewe. Na Ambilikile, kila alipoombwa asimulie habari hiyo, alitazama chini, akasema neno moja tu: Amina haiezeki nyumba.