Aliyefungua Jiwe Hunywa wa Mwisho

Wajukuu zangu, hodi!

"Karibu, bibi!"

Nimekuja na uongo.

"Mkubwa?"

Mkubwa, una mkia.

"Uburute tuuone!"

Na ukiwauma?

"Tutacheka!"

Haya, sogeeni, mimi sauti yangu haina nguvu tena.

Hapo kale wanyama walikuwa na hadithi moja waliyoipenda kuliko zote, hadithi ya kisima chao. Jua liliwaka, likawaka, mito ikawa vumbi, maji yote yakajificha chini ya jiwe. Tembo akalisukuma jiwe, wapi! Nyati akalipiga pembe, wapi! Akaja Kanga, ndege mdogo mweusi tii, akapanda juu ya jiwe, akaimba kutwa nzima:

Jiwe, jiwe, nipishe!

— Nipishe!

Watoto wana kiu, nipishe!

— Nipishe!

Wanyama wote wakaitikia. Jiwe likapasuka, paa! Maji yakamrukia Kanga mwili mzima, na matone yake ndiyo yale madoa meupe mnayoyaona mpaka leo. Wimbo ulikuwa na beti nyingi. Marehemu shangazi yangu Bi Semeni alizijua zote, na akifika jiwe linapopasuka alipiga kiganja chini, sote tukaruka. Amekwenda nazo. Kwangu umebaki huo mmoja.

Basi kisima kikawa cha uzao wa Kanga, na Kanga hakumnyima mtu. Kila kukicha mjukuu wake, naye sasa bibi kizee aitwaye Bibi Kanga, husimama kisimani akasema, "Karibuni, maji ni ya wote."

Mmoja tu hakupenda, Kiboko. Wakati huo Kiboko aliishi nchi kavu, ana manyoya laini kama zulia. Alitaka kisima kizima ajilaze peke yake. Bibi Kanga akamwambia, "Baba, ukijilaza wewe humo, wenzako watakunywa jasho lako." Kiboko akanuna, mmmh!

Siku moja gari la watu wa sinema likakwama njiani. Wenyewe walipomwona Kiboko anakuja, ndu, ndu, ndu, wakakimbia bila viatu. Kiboko akabeba mashine, akabeba na shuka jeupe. Akajisemea, "Kilichompa Kanga kisima ni hadithi. Nami nikiwa na hadithi yangu, wakaiamini, kisima changu." Akatengeneza sinema. Akatangaza, "Njooni muione hadithi yenu, sasa inatembea!"

Magharibi wanyama wakakaa mbele ya shuka. Mashine ikalia, tratratra. Wakaona jua. Wakaona jiwe. Wakamwona Kiboko analipiga jiwe kwa kichwa, paa! Maji yakatoka. Na pembeni yake kuna Mbuni ameshika taulo.

"Huyo nani?" akauliza Tumbili.

"Huyo ndiye Kanga," akasema Kiboko. "Kanga mwenyewe ni mdogo, haonekani vizuri kwenye shuka."

"Kanga gani ana shingo kama mgomba! Na madoa yako wapi?"

Mbuni akasema kwa aibu, "Nilipakwa chokaa, nikatoka jasho ikafutika."

"Na wimbo?" akauliza Ngiri. "Tunaitikia wapi sisi?"

"Sinema haiitikiwi," akasema Kiboko. "Sinema hutazamwa."

Wazee wakaguna. Wengine waliitikia vivyo hivyo, "Nipishe!", lakini sinema haikuwangoja, ikapita zake. Ila watoto, lo, watoto walipiga makofi! Na Bibi Kanga alipogeuka akamwona mjukuu wake mwenyewe, Kidoa, anapiga mabawa akisema, "Kumbe ni mjomba Kiboko aliyetupa maji!"

Bibi Kanga akaenda kukaa nyuma ya kichuguu, akalia. Kiboko alikuwa ameshasema kesho anahamia kisimani.

Chini ya kichuguu akatokea Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mkonga uliosahauliwa.

"Bibi, unalia nini?"

"Leo wazee wanaguna. Kesho kutwa wazee hawapo, wanabaki waliopiga makofi."

"Kabishane naye."

"Jino lake moja linanizidi kimo!"

Sange akakuna pua. "Basi tumwache aaminiwe. Tumwache aaminiwe kabisa."

Asubuhi, Kiboko hajatia mguu majini, Sange akamwendea na kuinama mpaka pua ikagusa chini. "Mkuu, mimi nimekuamini. Ila wale wanaoguna wana sababu. Sinema yako imeacha kipande cha mwisho."

"Kipande gani?"

"Kipande chenye utamu wote! Shujaa alipofungua jiwe alisimama juani akasema, 'Nyweni nyote, mimi nitakunywa wa mwisho.' Kifanye hicho leo mbele yao, hata Tumbili atafunga mdomo."

Kiboko akacheka, ho ho ho! "Hilo tu?" Akasimama juani, akapaza sauti, "Mimi ndimi niliyefungua jiwe! Nyweni nyote, mimi nitakunywa wa mwisho!"

Tumbili akamtazama. "Hee. Labda kweli ni yeye."

Tembo akanywa, fyooo. Pundamilia wakanywa. Jua likapanda.

"Sasa mimi?" akauliza Kiboko.

"Bado Kobe," akasema Sange.

Kobe akaja, akanywa, akaondoka, na kuondoka kwa Kobe mnakujua. Jua likawaka.

"Sasa mimi?"

"Bado Jongoo."

"Mbona hanywi?"

"Ananawa miguu kwanza."

Jua likawaka zaidi. Manyoya ya Kiboko yakaanza kupukutika, puku, puku, puku.

"Sasa mimi!"

"Bado siafu."

Kiboko akatazama. Siafu walikuwa wanakuja mstari mmoja mweusi, mwanzo wake kisimani, mwisho wake hauonekani, upo huko nyuma ya kilima. Ngozi ya Kiboko ikalia, kakaka! Ikapasuka.

"Si mimi!" akapiga kelele. "Sikufungua jiwe mimi! Ni Kanga! Ni Kanga!" Akatimka mbio, ndu ndu ndu ndu, hana hata unyoya mmoja, mpaka mto mkubwa wa mbali, chubwi! Hadi leo mchana hatoki, anachungulia macho tu.

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakamzunguka Bibi Kanga, wakamwimbia wimbo wake, wakaitikia wote. Bibi Kanga naye alikuwa hajanywa tangu jana, koo kavu. Akainama kisimani.

"Aa, bibi!" akasema Tumbili kwa adabu. "Aliyefungua jiwe hunywa wa mwisho."

"Nani kasema?"

"Hadithi."

"Hadithi gani? Bibi yangu alikunywa wa kwanza! Aliimba kutwa nzima, wote wakampisha. Mama alinihadithia!"

"Bibi, shikamoo, uzee wako nauheshimu, lakini hadithi yetu tunaijua. Kiboko alitaka kuigeuza, umeona tulivyomkatalia."

Sange akaruka katikati. "Jamani, kile kipande nilikitunga mimi! Nilitunga kwa ajili ya Kiboko!"

Wakaangua kicheko. "Sange kwa utani!"

Akarudia. Wakazidi kucheka. Bibi Kanga akamgeukia mjukuu wake, maana huyo angalau ni damu yake. Kidoa akamshika bawa polepole akasema, "Subiri kidogo, bibi. Bado siafu."

Bibi Kanga akakaa chini akasubiri.

Ndiyo maana kanga akinywa maji huinamisha kichwa, akakiinua, akatazama nyuma: anaangalia kama kuna mtu hajanywa. Na Sange tangu siku hiyo anachakura majani kwa pua, chakwe, chakwe, kama mtu aliyeangusha neno, analitafuta alirudishe mdomoni. Hajalipata.

Sasa fundisho, msiseme bibi hafundishi. Hadithi ya wazee haiongezwi neno wala haipunguzwi. Sinema msiziamini, zinatia chumvi. Niaminini mimi, niliyewapa hii kama nilivyopewa, neno kwa neno, isipokuwa lile gari, na Jongoo kunawa miguu.

Uongo wangu umefika kisimani, mkia na vyote. Mkiuona mtamu, nyweni. Mkiuona mchungu, mwachieni bibi yenu. Yeye hunywa wa mwisho.