Boila Iliyonyamaza

Wapo watu wanaotaka kitu kilicho chini kabisa huku shingo zao zimesimama wima. Wakishindwa kukifikia hulaumu giza, hulaumu kitanda, humlaumu hata aliyekitia kule. Kuinama kwao ni aibu. Jael Muhonja alikuwa mmoja wao, na kabla hujamcheka, msomaji, hebu jiulize wewe mwenyewe uliinama lini mara ya mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya neema ya miwa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Huko Shianda miwa ilikuwa imemeza hata nyua za watu. Mtu alipanda hadi mlangoni pake, mahindi ya kusagia unga akayafuata sokoni. Matrekta yalikokota mizigo mchana kutwa kuelekea Kiwanda cha Sukari cha Nyota, na moshi wa kiwanda ulipotanda juu ya mapaa hakuna aliyenung'unika. Moshi ule ndio uliosomesha watoto.

Muhonja alizaliwa Khwisero, akasomea uhandisi wa elektroniki Nairobi na kubaki huko akifanya kazi. Huko Nairobi, yeye na wenzake wawili waliunda kiunzi cha programu, yaani msingi ambao ukishaandikwa mara moja, mtu anaweza kuujengea juu yake kazi ya mashine yoyote, iwe lifti, iwe mtambo wa maziwa. Kiunzi hicho kilisifiwa mno. Sifa, jamani, ni tamu kuliko sukari, na Muhonja alikuwa amekwisha kuionja. Aliporudi nyumbani na kuajiriwa na Kiwanda cha Nyota, alirudi amekikumbatia kiunzi chake kama mama na kifungua mimba.

Kazi aliyopewa ilihusu maisha ya watu. Kila boila pale kiwandani, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke wa kuendesha mitambo, ilikuwa na bodi ndogo ya elektroniki ya kulinda maji. Maji yakipungua, bodi ilipiga king'ora na kuwasha pampu. Isipofanya hivyo, boila hukauka juu ya moto, na boila iliyokauka huua. Bodi hizo zilifungwa wakati kiwanda kilipojengwa, na chipu zake zilikuwa za kale hivi kwamba kumbukumbu yake ya kazi isingebeba hata aya hii unayoisoma. Tena programu iliyokuwa ndani ilikuwa ikififia yenyewe kwa uzee, na aliyeiandika alikwisha kufariki bila kuacha nakala. Kubadilisha bodi zote kungelazimu kiwanda kuzimwa msimu mzima, na muwa uliokomaa haumsubiri mtu. Basi Muhonja akaambiwa akihamishie kiunzi chake ndani ya chipu zizo hizo za kale.

Mhandisi mkuu, Bwana Erastus, alikuwa mtu wa maneno machache. Alipoona jinsi programu ilivyojaa pomoni ndani ya chipu, alikunja uso.

"Punguza, Madam," alimwambia. "Ondoa hiyo skrini ya ofisini. Ondoa hiyo kumbukumbu inayoandika kila tukio. Bakiza king'ora na pampu."

"Nikiondoa hayo, Bwana Erastus, kitabaki nini cha kiunzi changu?" Muhonja aliuliza. "Hii chipu ndiyo iliyo nyuma ya wakati. Nitaibana mpaka ikubali."

"Umeshuka boila ukaona wale watu wanavyopokezana maji?"

"Ninayo michoro yote."

Erastus akaguna, akaondoka zake. Ukweli ni kwamba Muhonja hakuwahi kushuka kule. Kule kulikuwa na joto, majivu na makapi ya miwa, ndiyo kuni za boila, yanayowasha ngozi. Alikaa juu ofisini na kuijaribu bodi mezani pake, jambo moja moja kwa utaratibu, kama mtu anayewapokea wageni mlangoni mmoja baada ya mwingine. Leo maji yapungue, kesho pampu iwake. Kila jambo lilipita salama, na kwenye skrini yake mstari wa buluu ulipanda na kushuka vizuri ajabu. Alifurahi, na hakuna aliyeweza kumwambia neno.

Huko chini lakini palikuwa na desturi. Wahudumu wa boila hawakukabidhiana zamu kwa mdomo. Anayetoka alichutama mbele ya kioo cha maji, kinachoonyesha kina cha maji ndani ya boila, akafungua koki ya chini na kuyamwaga maji yaliyomo kiooni huku anayeingia akitazama. Maji yalitoweka, king'ora kikalia, pampu ikanguruma, kisha koki ikafungwa na maji yakarudi. Hapo ndipo anayetoka aliposema, "Maji yako haya," na mwenzake akajibu, "Nimeyaona." Bila hivyo hakuna aliyekubali kupokea moto wa mwenzake, hata kama ni ndugu yake wa tumbo moja.

Bodi ya boila ya pili ndiyo iliyowekewa programu mpya kwanza. Ilifungwa asubuhi. Saa nane mchana zamu zilipobadilishana, Barnaba, mhudumu mkongwe wa kule, alikuwa akitoka, na aliyekuwa akiingia ni Osundwa, mume wa Teresa, dada yake Muhonja. Barnaba akachutama, akafungua koki. Maji yakamwagika, yakatoweka kiooni. Kimya.

Wakatazamana. Barnaba akafunga koki, lakini maji hayakurudi yalivyopaswa kurudi. Osundwa akakimbilia simu ya ukutani.

"Shemeji," alisema alipomsikia Muhonja, "hii kitu haijalia. Ile ya zamani ilikuwa inalianga."

Muhonja akaitupia macho skrini. Mstari wa buluu ulikuwa umetulia juu, maji tele. "Mbona naona maji yako sawa, shemeji? Hiyo koki pengine imeziba. Endeleeni na kazi."

Masikini Muhonja! Mstari ule ulitulia kwa sababu bodi ilikuwa imekwisha kuzimia. Koki ilipofunguliwa, mambo yote yaliijia kwa mkupuo: maji yameshuka, washa pampu, lia, andika tukio, peleka habari ofisini. Kila jambo likadai nafasi yake ndani ya kumbukumbu isiyo na nafasi. Bodi ikaelemewa, ikaganda pale pale, pampu ikiwa imezimwa, na skrini ikabaki kuonyesha habari za mwisho ilizoletewa. Huku moto unawaka, na ndani ya boila maji yanakwisha.

Osundwa hakuendelea na kazi. Alimwambia Barnaba azuie makapi yasiingie motoni, na yeye akapanda ngazi kwenda kufungua mvuke utoke nje. Aliufungua. Boila haikupasuka, na watu wote waliokuwa chini yake wakaokoka. Ila kiungo kimoja cha bomba kilishindwa kustahimili, mvuke ukachomoka kando na kumpata mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Watu waliokuwa kwenye mizani ya miwa walisikia ukelele wake. Muhonja naye aliusikia, akiwa bado ameketi mbele ya mstari wake wa buluu.

Osundwa aliporuhusiwa kutoka hospitalini, Muhonja alikwenda kumwona nyumbani kwake Shianda. Alikuwa amebeba unga, majani ya chai na kuku, maana kwa mgonjwa hakuendwi mikono mitupu. Teresa alimkuta uani. Hakumpokea kikapu. Hakumsalimu.

"Jael," alisema, "mume wangu alikupigia simu. Alikuuliza wewe. Ukamwambia aendelee na kazi."

"Teresa dada yangu..."

"Usiniite dada leo. Angekutii, leo ningekuwa mjane, na wewe ungekuja hapa kulia na kuku wako." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ukali. "Ingia umwone. Ingia tu."

Osundwa alikuwa ameketi, mkono umefungwa bandeji nyeupe. Muhonja alijiandalia maneno mengi njiani, habari za kumbukumbu ya chipu na matukio yaliyokuja pamoja. Yote akayaacha.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Niliiamini skrini nikaacha kukuamini wewe."

Osundwa aliutazama mkono wake. "Mimi sina habari na mambo ya ofisini," alisema. "Mimi nilitaka ilie tu. Ikilia, mtu anajua akimbie ama asimame. Sasa Barnaba na wale vijana watarudi pale chini. Utawapatia kitu ya kulia?"

Muhonja hakuthubutu kuahidi. Aliaga akatoka, na kuku wake akamwacha amefungwa kwenye nguzo ya jiko.

Boila ya pili ilikuwa imezimwa. Wahudumu wa boila zilizobaki walisema waziwazi kwamba bodi mpya haitagusa moto wao. Miwa ilirundikana uwanjani, ikaanza kunuka uchachu, na wakulima wakaja kusimama langoni wakiuliza kulikoni. Bodi za kale nazo zilizidi kusahau kazi yake. Erastus alimwita Muhonja ofisini kwake.

"Ukitaka kwenda zako, sitakuzuia," alisema. "Ukitaka kubaki, hiyo kazi ni yako."

"Nabaki," alijibu Muhonja. "Lakini naomba meza yangu ihamishiwe chini."

Aliketi kule kwenye joto, makapi yakimwingia kwenye nywele. Kila zamu zilipobadilishana alisimama nyuma ya wanaume wale akitazama maji yakitoka na kurudi. Baadhi yao hawakumjibu salamu. Kisha alirudi mezani na kuanza kukichinja kiunzi chake. Aliondoa skrini. Ilimuuma. Aliondoa kumbukumbu ya matukio, kazi ambayo ndiyo iliyopigiwa makofi Nairobi. Hilo lilimuuma zaidi, na alikaa muda mrefu kidole kikiwa juu ya kitufe kabla ya kukibonyeza. Aliondoa kila sehemu iliyokuwa ikiomba nafasi mpya, akazipa king'ora na pampu nafasi zao za kudumu ambazo jambo jingine lisingeweza kuziingilia. Programu bado ilizidi kidogo. Akatafuta cha kupunguza asikione, mpaka akaliona jina lake na majina ya wenzake, yaliyoandikwa mwanzoni kabisa ili yatokee kila bodi inapowashwa. Akayafuta. Ikaenea.

Safari hii hakujaribu jambo moja moja. Aliyamwaga yote pamoja, tena na tena, na bodi haikuzimia. Lakini mezani si motoni, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku ya kuwasha boila ya pili, Barnaba alikuja kupokea zamu, na nyuma yake wamejipanga wahudumu wote, hata waliokuwa mapumzikoni. Mwenzake aliyewasha moto akasogea ili achutame. Barnaba akamzuia kwa mkono.

"Hapana," alisema. "Hii maji ni ya huyu mama. Mimi sipokei maji kutoka kwa mtu aliyesimama mbali. Yeye ndiye anikabidhi."

Muhonja alimtazama Erastus. Erastus akaitazama koki. Koki ilikuwa chini sana, karibu na sakafu, palipojaa majivu na mafuta. Muhonja akapiga magoti. Alilazimika kukunja mgongo na kulaza shavu karibu na chuma chenye moto ndipo mkono wake ukafika. Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kuficha. Akafungua.

Maji yakashuka kiooni, yakatoweka.

King'ora kikalia! Kililia kwa sauti kali iliyojaa jumba zima, na papo hapo pampu ikanguruma. Muhonja akaifunga koki, na taratibu maji yakapanda tena kiooni, safi, mpaka mahali pake. Wanaume wale hawakushangilia. Mmoja alivua kofia.

Muhonja alikumbuka kwamba palikuwa na maneno ya kusemwa. Alifungua kinywa, akalia pale pale chini mbele za watu.

"Maji... maji yako haya, mzee," alisema.

"Nimeyaona," akajibu Barnaba, akampa mkono kumwinua.

Boila zote za Nyota ziliwekewa programu ile, na hakuna mtu mwingine aliyeungua kwa ajili ya maji. Ila vidole vya Osundwa havikukunjika tena, na Teresa alichukua muda mrefu kabla ya kumwita Muhonja dada. Muhonja aliombwa apunguze akakataa, aliulizwa kama ameshuka akataja michoro, na mwishowe alikipata alichokitaka akiwa magotini, kwa gharama ya mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana wahenga hawakubembeleza mtu waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.