Miradi Mitano ya Mwalimu Mstaafu

Wapendwa, kabla sijafika mbali, nataka mkae kidogo na mwalimu mmoja aliyestaafu na kupokea kiinua mgongo chake. Hakuwa mlevi wala mtu wa anasa. Alifanya jambo la busara kabisa: alilipa kiingilio, akaenda kwenye semina ya uwekezaji ya siku mbili. Siku ya kwanza mkufunzi aliwafundisha kwamba fedha zote zisiwekwe mahali pamoja. Mwalimu akaandika, akafunga daftari, akarudi nyumbani. Siku ya pili hakwenda. Alishaelewa.

Akagawanya. Akakodi shamba, akapanda mahindi. Akanunua mashine ya kusaga mahindi. Akanunua lori la kubebea mahindi ya wakulima. Akafungua duka la mbolea na mbegu za mahindi. Akafuga kuku mia tano, wanaokula pumba za mahindi.

Mnacheka? Mkewe hakucheka. Alimuuliza, "Baba Tuntufye, mvua ikikataa, tutashika kipi?"

"Mama Tuntufye, hii ni elimu," akamjibu. "Miradi ni mitano. Mmoja ukianguka, minne inabaki."

Mwaka huo mvua ikakataa. Shamba likakauka. Mashine ikanyamaza. Lori likakosa mzigo. Dukani hakuingia mtu. Pumba zikapanda bei, kuku wakauzwa kwa bei ya kutupa. Mwalimu akapanda basi, akamfuata mkufunzi ofisini kwake na daftari mkononi.

"Ulisema nigawanye. Nimegawanya mara tano. Sasa nakula nini?"

Mkufunzi akalifungua daftari, akakuta maandishi ya siku ya kwanza tu. "Mzee wangu, ulichogawanya ni majina. Hatari ilibaki ile ile moja. Hilo lilikuwa somo la siku ya pili."

Sasa msimwonee huruma upesi hivyo. Huyo ni sisi. Mtu yumo kwenye kwaya, yumo kamati ya ujenzi, anatoa shukrani, anatembelea wagonjwa, anaongoza maombi ya Jumatano. Huduma tano. Ukimtazama unasema huyu hatikisiki. Juzi katibu wetu alisoma majina ya waliochangia mabati, akaruka moja kwa bahati mbaya. Jina moja tu. Mtu wetu ameacha kwaya. Ameacha kamati. Bahasha ya shukrani hatujaiona, wagonjwa hajawagusa, na Jumatano nimeomba na viti. Kumbe zote tano ziliegemea kitu kimoja: kuonekana.

Haya niliyasema mwaka jana. Niliyasema mwaka juzi. Nawapenda, lakini kwa kweli nimechoka. Tunamtumikia Mungu, au tunalitumikia tangazo la katibu? Ukiondolewa makofi, ndani yako kinabaki nini?

Msinijibu hapa. Jumamosi vyoo vya kanisa vinahitaji kuoshwa. Hakutakuwa na orodha ya majina, na mimi mwenyewe sitakuwepo.