Shume Apimwa Sonona

Nikisema paukwa, mseme pakawa, tena kwa sauti ya watu walioshiba.

Paukwa!

— Pakawa.

Sauti gani hiyo? Mnaumwa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, mmepona. Sikilizeni.

Palikuwa na nyumba ya utafiti juu ya kilima, na ndani yake panya ishirini. Kumi walikaa kizimba cha kulia, wazima. Kumi walikaa kizimba cha kushoto, wagonjwa, maana Daktari Nsia aliwatia vijidudu vya homa ili aone jinsi homa inavyoondoka na furaha. Kila asubuhi alitundika chupa mbili kila kizimba: moja ya maji matupu, moja ya maji ya sukari. Panya mzima hukimbilia sukari, chwa, chwa, chwa! Panya mwenye homa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni, hulamba yoyote, hajali. Daktari akihesabu, akiandika ubaoni. Akihesabu, akiandika.

Kizimba cha kulia alikaa Kidoti, mdogo kuliko wote, maneno mengi kuliko wote. Kizimba cha kushoto alilala dada yake, Nyamizi. Siku ya tatu hiyo Nyamizi hajali sukari.

"Dada, inuka basi, onja kidogo," Kidoti akamwita.

Nyamizi akageukia ukuta. Kidoti moyo ulimuuma, nawaambieni, ulimuuma sana.

Saa saba mchana Daktari akaenda kula, akasahau kufunga mlango. Kwiii! Akaingia nani? Shume! Paka dume la jikoni, shingo nene, tumbo mbele. Alishakula dagaa, alishakula utumbo wa kuku, na bado. Akalifungua komeo la kizimba cha kushoto kwa ukucha, ngwa!

"Nawala hawa waliolala," akasema. "Hawanikimbii. Naanza na huyu aliyegeukia ukuta."

Nyamizi wala hakugeuka.

"Shikamoo, Bwana Shume!" Kidoti akapaza sauti.

"Marahaba. Nyamaza, zamu yako inakuja."

"Sawa. Ila pole kwa ugonjwa."

Ukucha ukasimama hewani. "Ugonjwa gani?"

"Umeingia chumba cha homa bila barakoa! Daktari mwenyewe huvaa mbili. Hebu soma ubao."

Shume hakujua kusoma, na hakutaka ijulikane. Akautazama ubao, akakunja uso. "Ehee. Naona."

"Umeona basi. Wazima kumi, wote kumi wanaijua sukari. Wagonjwa kumi, tisa hawaijui. Sasa asiyeijua sukari ni nani?"

"Mgonjwa."

"Na mgonjwa akila mgonjwa, homa mbili zinakutana tumboni. Hafiki jioni. Wewe onja tu, Bwana. Ukiwa mzima, kula kwa raha zako."

"Hilo tu?" Shume akaingiza kichwa kizimbani, akalamba maji matupu, mlap, mlap! Akalamba ya sukari, mlap, mlap!

Sasa ninyi mliofuga paka, nisikilizeni vizuri. Ulimi wa paka hauonji utamu. Wa baba yake hauonji, wa babu yake hauonji. Kidoti alilijua hilo, alimsikia Daktari akiwaambia wanafunzi. Shume hakulijua. Nani alishawahi kumuuliza?

"Vipi?"

"Yote sawa."

"Uuuwi! Lakini mara moja si takwimu. Rudia."

Akarudia. Sawa. Rudia. Sawa. Mara kumi! Tumbo likajaa, akijitikisa linalia chubwi.

"Kumi kwa kumi," Kidoti akasema kwa masikitiko. "Tuangalie na dalili. Unalala mchana?"

"Kutwa."

"Ukiitwa, unaitika?"

"Siitiki."

"Unakaa ukitazama ukuta bila sababu?"

"Saa nzima!" Shume akaangua kilio. "Tangu utotoni, mwanangu! Kumbe nilikuwa naumwa!"

— Si angempima na paka mwingine?

Wewe wa nyuma, kaa chini. Angempima paka mwingine, tungekuwa na hadithi? Hakumpima.

"Dawa yake?" Shume akauliza, machozi yanamdondoka.

"Rudisha komeo. Lala nje ya mlango. Usiguse panya mpaka sukari ikolee ulimini. Kila siku saa saba njoo nikupime."

Shume akafunga komeo kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka polepole. Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Mara kutoka kizimba cha kushoto kikasikika kicheko chembamba. Kiii! Nyamizi alikuwa amegeuka.

"Chubwi," akasema, akacheka tena. Akajikokota mpaka kwenye chupa ya sukari. Lilibaki tone moja. Akalilamba, chwa. Akatafuta jingine.

Kidoti, yule msemaji wenu, akabana pua kwenye waya za kizimba chake. Alilia tu.

Daktari aliporudi alikuta chupa mbili za wagonjwa tupu, sawasawa. Akakuna kichwa, akaandika ubaoni: Sonona ileile, kiu ya ajabu.

Na Shume? Mpaka leo analala mlangoni, na kila saa saba anapimwa. Bado hajapona, maskini.

Funzo la hadithi hii ni kwamba takwimu hazidanganyi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeiona tamu ni mzima, aende akalale. Aliyeiona haina ladha, aje kesho saa saba, nami nitatundika chupa mbili.